Biti Ndogo Kwenye Mashine Kubwa

"Mama Tabea, hivi huyu mtoto anasoma shule au anasomea randa?" Jirani yao Pudensiana aliuliza hivyo siku moja, akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

"Vyote viwili," Mama Tabea akamjibu. "Asubuhi shule, jioni randa."

Ndivyo ilivyokuwa. Tabea alikuwa darasa la sita. Kila siku akitoka shule alikula, akabadili sare, kisha akafagia maranda katika karakana yao iliyokuwa katikati ya migomba, chini ya Mlima Meru. Baba yake, fundi Ndesanjo, alifariki Tabea akiwa darasa la pili. Mama yake, Elinipa, alikuwa amejifunza useremala kando ya mumewe. Alimwomba Mungu, akashika msumeno, akaendelea.

Wiki ile walikuwa na kazi ya furaha: mimbari mpya ya kanisa, ya mbao za mringaringa. Ilitakiwa iwe tayari kabla ya Jumapili, Sikukuu ya Mavuno. Wazee wa kanisa walisisitiza jambo moja tu: ukingo wake ufanane na ule wa madhabahu, ambayo marehemu Ndesanjo aliichonga.

Biti iliyochonga ukingo ule, yaani kisu kidogo kinachozungushwa na mashine, bado ilikuwepo. Lakini ruta ndogo ya baba, yaani mashine ya kuchongea mapambo, iliungua zamani. Ruta waliyokuwa nayo sasa ilikuwa kubwa, na mdomo wake ulibana biti zenye mguu wa unene wa nusu inchi. Mguu wa biti ya baba ulikuwa robo inchi. Ukiuingiza, ulicheza kama mguu wa mtoto ndani ya buti la baba yake.

Alhamisi jioni Tabea akapata wazo. Alikata ukanda wa bati kutoka kopo la mafuta ya kupikia, akauzungushia mguu wa biti mpaka ukanenepa. Mama akakaza nati kwa spana. Biti ikasimama.

"Nani kakufundisha?"

"Mwenyewe tu," Tabea akasema, kifua mbele.

Mzee Eliya, mzee wa kanisa aliyekuja kuangalia kazi, akapiga makofi. "Huyu ni injinia! Jumapili nitamtaja mbele ya usharika mzima. Haya, malizeni sasa."

Wakajaribu kwanza kwenye kipande cha ubao mbovu. Mashine ikalia, maranda yakaruka. Mama akaizima, akatoka kumsindikiza mzee.

Tabea akakiokota kile kipande. Mwanzoni mfereji ulikuwa na kina kidogo; mwishoni ulikuwa umezama karibu mara mbili. Akaitazama biti kwenye mashine. Biti ilikuwa inachomoka yenyewe polepole. Bati halikushika! Akafikiria Jumapili, jina lake likitajwa, na wenzake wakigeuka kumtazama. Akakifukia kipande ndani ya maranda.

Mama akarudi. Akaweka mezani ubao wa mimbari, akavaa miwani ya kazi, akashika mashine. Kidole kikaenda kwenye swichi.

"Mama, usiwashe!"

Mama akachomoa waya ukutani kwanza, ndipo akamgeukia. Tabea akafukua kile kipande huku machozi yakimtoka, akaeleza yote. Mama akaishika biti kwa vidole viwili, akaivuta. Ikatoka na bati lake kama jino bovu.

"Asante Yesu," mama akasema kwa sauti ndogo. Akakaa kwenye benchi. "Biti hii inazunguka mara elfu ishirini kwa dakika moja, mwanangu. Ikichomoka, haiulizi nani yuko mbele."

"Umenikasirikia?"

"Nimelikasirikia bati. Kesho ukitoka shule tunaenda Terrat."

Terrat alikuwako fundi Lemburis, mchongaji wa vyuma.

"Shikamoo," Tabea akasalimia.

"Marahaba. Mmeniletea mgonjwa gani?" Akaitazama biti, akatazama na mdomo wa ruta, akacheka. "Kumbe mnataka soksi!"

Akafunga kipande cha chuma kwenye mashine yake. Akakichonga nje kikawa nusu inchi kamili, akakitoboa katikati tundu la robo inchi. Ikapatikana bushi nzuri, kibomba kifupi cha kuvalishwa mguu wa biti, inang'aa. Tabea akaichunguza.

"Mdomo wa ruta una mipasuko, ndiyo maana unabana. Hii itabanaje?"

"Nilikuwa nakuja hapo, mwalimu! Usinifukuze kazi." Lemburis akachukua msumeno wa chuma, akaipasua bushi upande mmoja, juu hadi chini. "Sasa ikibanwa nje, na yenyewe inabana ndani."

Jumamosi walijaribu tena kwenye ubao mbovu. Tabea akapima mfereji kwa rula, mwanzo na mwisho. Sawasawa! Akarudia mara tatu, sawasawa! Mama akaanzisha wimbo wa mavuno, Tabea akaitikia huku akicheza kwenye maranda. Kufika saa tisa, ukingo ulikuwa umekamilika, na ulifanana kabisa na ule wa baba.

Mzee Eliya akaingia. "Bwana asifiwe."

"Amina."

"Nasikia mlilitupa bati. Kazi si ingeisha juzi, Mama Tabea? Hata vijana wa kubeba niliwaita bure."

"Ingeisha, mzee. Labda na jicho langu lingeisha nalo."

Akamweleza kilichotokea, kisha akamshika Tabea bega. "Endelea kubuni, mwanangu, ni vizuri. Lakini mimi najivunia ile sauti yako ya 'usiwashe'. Ulikubali kupoteza sifa ili mimi nibaki mzima. Ukiona kazi yako ina kasoro, sema mapema, hata kama umeshasifiwa. Kosa lililofichwa halilali. Linamsubiri mtu."

Mzee Eliya akapitisha kiganja kwenye ukingo, polepole, mwanzo hadi mwisho. Akayatazama macho ya Mama Tabea, kisha yale ya Tabea. Akavua koti la suti, akalikunja, akaliweka begani. Akauinua ule ubao wa mbele wa mimbari, akaulaza juu ya koti, akatoka nao, akiubeba mwenyewe kwenda kanisani.