Hodi ya Tatu

Siku ya Ijumaa, tarehe 17 Disemba 1971, jua la London lilikuchwa saa kumi kasoro dakika nane. Talib Mbarouk aliikumbuka saa hiyo bila shaka yoyote, kwani aliiandika mwenyewe kwenye kalenda ya ukutani, kama alivyozoea tangu enzi za ukarani wake wa masjala, Unguja.

Alikuwa katika chumba cha mbele cha nyumba yao ya Woolwich, mezani, mbele ya taipureta. Jumuiya ya wanahistoria iliyomwajiri kupiga chapa hati zake ilimkabidhi jalada la ngome ya kale iitwayo Harnwardine, iliyojengwa mwaka 1109 kwenye mpaka wa Uingereza na Welisi. Jalada lilitakiwa Jumatatu asubuhi.

Mkewe, Sheikha, alitokea amevaa koti juu ya kanga, galoni tupu mkononi.

"Mafuta ya jiko la kuotea moto yamekwisha. Nenda dukani kwa Vijay."

"Bibie, nimo mwaka 1282. Niache nimalize ukurasa."

"We bwana umeoa ngome!" Akacheka. "Haya, nakwenda mwenyewe. Lakini nikirudi nikukute bado unao hao maiti wako, chai utakunywa nao."

Akatoka. Ufunguo wake ulilia mfukoni mpaka alipofika barabarani.

Talib akaendelea. Hati ilieleza kwamba majira ya baridi ya mwaka ule wa 1282, adui alipokaribia, bwana wa ngome aliamuru lango lifungwe, lisifunguliwe kwa yeyote. Mke wa bawabu alikuwa nje, amekwenda kuokota kuni. Alirudi jua linakuchwa. Akagonga mara tatu, akamwita mumewe kwa jina. Bawabu alikuwa nyuma ya lango, akamsikia.

Asijibu.

Asubuhi walimkuta ameganda, kuni mgongoni. Tangu hapo, yasema hati, watu wa Harnwardine hawakupata kumjibu mgongaji kwa sauti. Walikwenda kwanza, wakachungulia, wakauona uso, ndipo wakafungua.

Vidole vya Talib vilisita juu ya herufi. Alikumbuka Jumapili ya Mapinduzi, Unguja, tarehe 12 Januari 1964. Jirani alibisha hodi mlangoni kwao, mara tatu, sauti ikitetemeka, na Talib alipofumbua kinywa aitikie, mama yake alimziba kwa kiganja. Jirani yule hakuonekana tena. Siku hiyo Talib aliapa kwamba hodi itakayofika mlangoni pake haitakosa jibu.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Karibu!" alisema, macho kwenye karatasi.

Kwetu neno hilo halingoji fikra. Lilikwisha kumtoka alipokumbuka kwamba Sheikha alikuwa na ufunguo.

Mlango haukulia. Kitasa hakikulia.

Lakini baridi iliingia... ikampitia miguuni, kama paka. Nyuma yake ikaja harufu ya sufu mbichi iliyoloa, na moshi wa kuni. Mtaa mzima hapakuwa na aliyepikia kuni.

Akageuka.

Sheikha alikuwa ameketi kando ya jiko lililozimika. Koti lile lile. Kanga ile ile. Mikono mitupu, imelala juu ya magoti.

"Umeingiaje? Na mafuta yako wapi?"

"Umenijibu," alinong'ona.

"Nini?"

"Nimegonga siku nyingi. Wewe umenijibu."

Sauti ilikuwa ya Sheikha, ila maneno yalitoka polepole, kama ya mtu anayeyasoma kwa mara ya kwanza. Talib alitaka kusimama. Miguu haikumtii.

Hapo ufunguo ukaingia tunduni. Ukazunguka kulia... ukazunguka kushoto...

"Hodi! Talib! Kitasa kimekwama. Hebu nifungulie, vidole vimekufa ganzi!"

Sauti ya Sheikha. Nje.

Aliyeketi alinyanyuka bila kiti kutoa mlio. Akaja nyuma ya Talib, akamwekea kiganja mdomoni. Kiganja kilikuwa baridi kama chuma cha lango.

"Usijibu," alinong'ona.

"Hodi! We bwana, bado umo kwenye hiyo ngome yako?" Kicheko kidogo, chenye kutetemeka. "Chai yako naimwaga, wallahi."

Talib alilipeleka neno mpaka kwenye meno. *Karibu.* Silabi tatu tu. Alilisukuma kwa nguvu zake zote, na halikupita.

Ufunguo ukatoka tunduni.

Kisha mara ya tatu, taratibu sana, kama mtu anayezungumza na ubao:

"Hodi... Talib. Umo?"

Alisikia galoni ikitua kizingitini. Alisikia nyayo zikishuka ngazi, moja, mbili, tatu, na mbele ya hapo hakusikia kitu.

Asubuhi aliikuta galoni imejaa pomoni, imefunikwa na umande ulioganda.

"Mama katoka dukani kwangu saa kumi kamili," Vijay alimwambia Jumatatu. "Mimi mwenyewe nimemjazia. Kwani hakufika?"

Talib akamtazama. Angesema nini? Mkewe alikuwa nyumbani, anapika.

Miaka ishirini na mitatu imepita, na bado anapika, tena vizuri. Hatoki nje. Hacheki. Hata unywele wake mmoja haujapata mvi. Kila tarehe 17 Disemba, jua linapokuchwa, husogeza kiti chake nyuma ya kiti cha Talib, akangoja naye ile hodi. Mwaka 1979 Talib alijaribu kuitikia, na mwaka 1986 akajaribu tena. Mara zote mbili kiganja kilitangulia.

Sauti ya nje haijazeeka. Bado ina baridi ya jioni ile, bado inataka kufunguliwa. Lakini haipigi kelele, wala haivunji mlango, wala haiombi zaidi ya ilivyopasa. Tulifunzwa chuoni, tukisoma Kurani, kwamba abishaye hodi mara tatu asijibiwe, na arudi alikotoka.

Na Sheikha alifunzwa adabu.