Mashine Kwenye Duka la Hamdia

Hamdia alikuwa anapima sukari huku amekaza meno. Kwenye kona ya duka lake, mtaani Kiwanjani, mashine ya kamari ilikuwa inalia tena. Watoto waliotumwa chumvi na majani ya chai walikuwa wameizunguka, wanatumbukiza sarafu za mama zao.

"Tokeni hapo! Nendeni nyumbani!" aliwafokea.

Walitoka. Kabla hajafunga mfuko wa sukari, walikuwa wamerudi.

Mashine hiyo ililetwa na Bile, mfanyabiashara mgeni mjini Isiolo. Alimwomba Abdinajib, mume wa Hamdia, amwekee tu. Abdinajib alikubali bila swali. Duka lao lilijulikana kwa kuhifadhi mizigo ya watu wanaosubiri lori la kwenda mji wa Merti: magunia, vitanda, hata milango. Kwa Abdinajib, mzigo wa mtu ulikuwa amana. Haukufunguliwa wala kuulizwa.

"Baba Fathia, hii kitu itatuletea balaa," Hamdia alisema kwa mara nyingine.

"Si yangu. Ni amana ya mtu. Mimi sichezi kamari, wallahi."

"Amana gani inakula pesa ya watoto?"

Abdinajib aliendelea kushona gunia. Hamdia alikuwa amechoka naye kabisa. Afadhali angeongea na ukuta.

Madina, naibu chifu wa mtaa, alipokuja kununua mafuta, Hamdia alimshika mkono akampeleka mpaka kwenye ile kona.

"Bile ana leseni ya kuchezesha kamari?" Madina aliuliza.

Abdinajib alicheka. "Chifu, hiyo muulize Bile. Mimi nimempa nafasi tu."

"Hapo ndipo unapojidanganya. Anayechezesha kamari bila leseni ana kosa. Mwenye duka akijua na akaruhusu, yeye pia ana kosa. Anaweza kutozwa faini au kufungwa. Na watoto hawaruhusiwi kabisa kucheza."

"Basi naitupa nje sasa hivi!"

"Usiitupe na usiivunje. Huo ni ushahidi. Nenda kituo cha polisi, uripoti, iandikwe kwenye OB, kile kitabu cha matukio, upewe nambari. Polisi watakuja kuichukua. Korti itaamua."

"Nimripoti mtu aliyeniamini? Hiyo ni aibu, Chifu."

Hamdia alilipuka. "Aibu? Ukifungwa wewe, na duka lifungwe, watoto wetu watakula aibu?"

Alivaa buibui, akaenda kituoni mwenyewe. Alirudi na polisi wawili. Abdinajib, jasho likimtoka, alimpigia Bile simu aje kueleza.

Bile alifika, akaitazama mashine kana kwamba hajawahi kuiona.

"Hii si yangu, afande. Ni ya huyu mwenye duka."

Abdinajib aliapa kuwa si yake.

"Nani huwa anatoa pesa ndani yake?" polisi aliuliza.

"Ni yeye!" Hamdia alisema, akimwonyesha Bile kwa kidole. "Ufunguo anatembea nao. Sisi hatujawahi kuushika."

Polisi walimpekua Bile, wakapata ufunguo. Uliingia, ukafungua. Bile alipelekwa kituoni pamoja na mashine. Abdinajib naye alikwenda kuandikisha taarifa.

"Kama mke wako hangekuja kuripoti," afande alimwambia, "ningekuweka ndani pamoja na huyu."

Kesi iliposikizwa, Abdinajib alitoa ushahidi. Bile alipatikana na hatia, akatozwa faini. Hakimu akaamuru mashine iharibiwe. Siku hizi mtoto akitumwa chumvi kwa Hamdia, anarudi kwa mama yake na chumvi.

Siku ya hukumu, Abdinajib alitoka kortini akaja moja kwa moja mpaka dukani.

"Mama Fathia, nisamehe. Nilimwamini mgeni. Wewe nikakuona mpiga kelele."

Hamdia alimtazama. Alikuwa bado na hasira, na furaha pia ilikuwepo.

"Nimesikia," alisema. "Sasa chukua ufagio. Pale kwenye kona pamejaa vumbi, na mimi nimechoka kuongea."