Msomaji wa Lambwe

Nikikumbuka haya, chakula hakipiti. Rafiki yangu Risper anaendesha blogu ya matangazo ya vifo pale Rongo. Siku moja aliiunganisha na mtambo wa barua pepe, ili kila tangazo liwafikie wasomaji lenyewe. Kwa majaribio alituma tena tangazo la Mzee Mayaka, tuliyemzika Lambwe na simu yake mfukoni, kama alivyoagiza. Akasahau kuwa marehemu alikuwa msomaji wake.

Mvua ikaja, stima ikapotea. Tulikuwa sebuleni kwake pamoja na dadake, Edith. Gizani simu ya Risper ikalia: Mayaka amefungua barua. Amejibu kwa rekodi ya sauti.

Risper akaifungua. Kitu kilikuwa kinatafuna, polepole, majimaji yakichuruzika.

“Zima huo uchafu!” Edith akafoka, kisha akatapika.

Kwenye rekodi, kutafuna kukakoma, kama mtu anayetusikiliza.