Soda Isiyofunguliwa

Jioni ile Malinee alipita dukani kununua soda nyekundu, akaingia nayo hospitalini, hadi chumba cha seva. Ilikuwa ya mzimu mwenyeji wa chumba hicho, yule asiyeonekana, anayewekewa kinywaji kwenye kibanda chake pembeni ya mashine. Zamani ilikuwa kazi ya mumewe, Thawat. Tangu ajali ya pikipiki imchukue, siku arobaini sasa, kazi zake zote zilikuwa za Malinee. Hakuwa amelia hata mara moja. Moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Simu ikalia. Bussaba, muuguzi wa zamu.

"Dada, mfumo wako umelala au? Majibu ya damu hayatoki, na mama wa watu yuko mezani anasubiri kupasuliwa!"

"Nipe dakika tano."

Alitazama skrini. Seva, hai. Prosesa, asilimia tisini na saba. Diski, tisini na tisa. Ikijaa, hakuna jibu litakalotoka tena.

Kilichoijaza ni video za kamera ya chumba hikihiki. Na kamera ile hurekodi tu mtu akisogea.

Chumba hufungwa. Ufunguo ni mmoja, anao yeye.

Akafungua video ya jana...

Mkono.

Mkono tu, bila mwili, wenye kovu la moto kwenye gumba. Kovu lile la mumewe alilijua. Ulikuwa unahangaika na kizibo cha chupa. Unazungusha... unateleza... unazungusha tena. Kwa muda wa saa kumi na moja mfululizo. Juzi, vilevile. Siku zote arobaini.

Mzee Khamphan, mlinzi, alikuwa amesimama mlangoni, haingii.

"Thawat alikuwa anaifungua, anatia na mrija," alinong'ona. "Wewe je, mwanangu?"

"Naiweka tu."

"Siku zote hizo? Basi ana kiu, masikini."

"Nani?"

Mzee akaonyesha skrini kwa kidevu.

Malinee akafuta video zote. Diski ikashuka hadi sitini na moja.

"Yametoka, dada!" Bussaba alipiga kelele simuni. "Tunaanza!"

Kisha Malinee akafungua soda, akatia mrija.

Ikapungua... taratibu... mpaka mrija ukafyonza hewa. Harufu ya mnanaa, ile dawa ya Thawat ya kunusa, ikapita shingoni mwake.

Prosesa ikatulia, asilimia nne. Kimya.

Thawat alikuwa ameondoka. Hapo ndipo moyo ulipomuuma.

Kesho yake jioni alinunua soda nyingine. Akaiweka kibandani, akakikaza kizibo kwa mikono miwili, akaketi mbele ya skrini bila kusogea, kamera isimrekodi yeye.

Diski, sitini na moja.

Sitini na moja...

Sitini na mbili.