Taa Nyekundu ya Rekoda

Mlango haukuvunjwa. Dirisha halikuguswa. Televisheni ilikuwa ukutani, na chini yake rekoda ya kunasia vipindi ilikaa kwa adabu juu ya kitambaa cha kufuma. Inspekta aliizunguka sebule mikono nyuma, akarudi palepale alipoanzia.

"Mama, umesema umeibiwa nini?"

"Mume wangu," alijibu mjane.

Koplo, binti wa kitengo cha makosa ya mtandao ambaye kituo kizima kilimwita Waya, alikohoa kidogo. Inspekta alimkata jicho, kisha akavuta kiti.

"Nieleze taratibu."

Marehemu alikuwa mtu wa kamera. Kila kilichotokea nyumbani alikipiga filamu, akakiingiza kwenye rekoda, katika folda moja iliyoonekana nyumba nzima: mama aliifungua kwenye televisheni ya sebuleni, binti yake kwenye kompyuta ya chumbani. Tangu azikwe, mjane alikuwa akirudi kutoka kwenye cherehani zake, anakaa, anaifungua, anatazama ya kwanza itakayojitokeza. Juzi alifungua. Folda haikuwapo.

"Filamu zenyewe za nini?"

"Anapalilia bustani. Ananifundisha kuendesha gari na tunagombana. Anaimba huku akinyoa ndevu, sauti mbaya kama mlango usiotiwa mafuta." Aliushika mkono wa Inspekta. "Mwanangu, nirudishie hata hiyo sauti mbaya."

Inspekta hakuutoa mkono. Yeye mwenyewe alifiwa na mkewe zamani kidogo. Uso wake aliukumbuka, na mwendo wake, lakini sauti ilikuwa imemtoka, na kila alipoisaka kichwani alisikia sauti yake mwenyewe tu. Alimwonea mjane huruma. Alimwonea na wivu pia.

"Unamshuku nani?"

"Huyo hapo. Alisema atatupa mali yangu."

Shemeji yake alikuwa ameketi mwisho wa kochi, kofia magotini, kama mtu aliyefika kwenye usaili na kukuta kazi imeshachukuliwa.

"Ulisema utaitupa mali ya mama huyu?"

"Nilisema, afande."

"Utupe nini?"

"Televisheni."

"Kwa nini?"

"Analia mbele yake kila siku. Analia mpaka chai inapoa. Kaka aliniachia huyu mtu mikononi, afande. Nikae namtazama akiisha kama sabuni?"

"Folda umeificha wapi?"

"Folda gani? Mimi sijafungua droo ya mtu."

"Nionyeshe filamu zilikokuwa."

Bwana yule alinyanyuka, akaigonga televisheni kwa kidole. "Si humu?"

Waya aliinamisha uso asicheke. Inspekta hakucheka. Mtu anayetaka kuiba yai lazima kwanza ajue kuku anatagia wapi, na huyu bwana hata banda hakulijua.

"Koplo, fanya kazi yako."

Waya alichomeka kompyuta yake. Vidole vilikimbia, vikasimama, vikakimbia tena.

"Rekoda haina hitilafu, afande. Mtandao pia. Folda ya tamthilia inafunguka, ya muziki inafunguka. Hii ya familia imeondolewa kwenye zile zinazoonekana nyumba nzima. Aliyefanya hivyo aliingia kwa neno la siri, bila kubahatisha hata mara moja."

"Kwa hiyo hakuvunja."

"Alifunga kwa ufunguo."

"Neno la siri analijua nani?"

"Alilijua marehemu," alisema mjane. "Mimi alinifundisha, nikalisahau siku hiyohiyo. Akacheka wiki nzima."

Binti wa nyumba aliingia na sinia la chai. Alikuwa muuguzi, bado na sare ya kazini. Alisikia maneno hayo, akainamisha macho kwenye vikombe. Inspekta alilitia akilini.

Ilipofika saa moja jioni rekoda ililia tik, na taa nyekundu ikawaka yenyewe.

Mjane aligeuka. Uso wake wote ukafunguka, akawa ghafla mwanamke mwingine, mdogo kwa miaka mingi.

"Huyo," alisema polepole. "Ameshaingia."

"Nani, mama?"

"Mume wangu ndiye aliyeitegesha. Nilikuwa nikichelewa kazini, tamthilia yangu inanipita, basi akaiamuru iwe inanirekodia kila jioni. Hajakosa hata siku moja, mpaka leo."

"Unaitazama?"

"Tamthilia? Aa, siku hizi wala. Nangojea taa tu. Ikiwaka nasikia kama anavua viatu mlangoni."

Inspekta alimtazama binti. Binti alikuwa ameugeuzia ukuta uso, sinia bado mikononi.

Waya alimsogelea sikioni. "Afande, diski imejaa pomoni. Kila ikitaka kurekodi kipya, inafuta cha zamani kuliko vyote."

"Na cha zamani kuliko vyote ni kipi?"

Waya alimtazama mjane. Inspekta alielewa. Angeweza kusema palepale, lakini maneno hayo hayakuwa yake kuyasema. Akachomoa pingu, jicho likiwa kwa binti.

"Simama, bwana. Twende kituoni."

Shemeji aliweka kofia kochini, akanyoosha mikono. "Sawa, afande. Kama itampa usingizi, nifunge."

"Mwacheni baba mdogo!" Sinia liliwekwa chini kwa kishindo. "Ni mimi. Nimeifunga mimi."

Mjane alishika kifua. "Wewe? Wa tumboni mwangu?"

"Mama, nisikilize." Binti alipiga magoti mbele yake. "Baba alikuwa akiichomeka kamera kwenye rekoda, anairekodi filamu kama kipindi cha televisheni. Na rekoda haijui kipindi kipi ni baba. Imejaa. Kila jioni taa ikiwaka, inakurekodia tamthilia na inafuta filamu moja yake. Ya bustani imekwenda. Ya gari imekwenda. Nilipogundua, nikanakili iliyobaki, nikaificha folda kwa neno la siri alilonifundisha baba."

"Kwa nini hukuizima taa tu?" aliuliza Inspekta.

"Afande, si umemwona inapowaka?"

Inspekta alizishusha pingu.

"Na mimi mama yako hukuniambia?"

"Ningekuambiaje kwamba unamfuta kwa kumngoja?" Machozi yalimshinda. "Nikaona heri umlaani mwizi asiyekuwapo kuliko ujilaumu mwenyewe. Sikujua utamtaja baba mdogo."

Rekoda ilikuwa ikinguruma kidogo chini ya televisheni, ikifanya kazi iliyotumwa na bwana wake.

"Imebaki ipi?" aliuliza mjane.

"Ya kunyoa ndevu. Hiyo tu. Iko salama chumbani kwangu."

"Basi mama, taa waweza kuiacha," Waya alisema kwa upole. "Nakala haitaguswa."

Mjane alitikisa kichwa. Aliichukua rimoti, akaishika kwa mikono miwili.

"Aliitegesha nisipitwe na kitu," alisema. "Asingependa nipitwe na yeye."

Kidole kilisita, kikainuka, kikasita tena. Kisha alibonyeza. Taa ilizimika, na mama yule alilia kilio ambacho hakikutoka siku ya mazishi. Shemeji yake hakumwambia anyamaze. Alimsogelea tu, naye mjane akamshika mkono, akasema, "Nisamehe, shemeji," mara nyingi, mpaka bwana yule akaanza kulia zaidi yake.

Binti alileta diski, akaichomeka. Kwenye kioo alitokea mwanamume mwenye povu mpaka masikioni, wembe mkononi, anaimba. Sauti ilikuwa mbaya kwelikweli. Mjane alicheka akilia, na chai ikapoa, safari hii ya wote.

Inspekta alirudisha pingu kiunoni. Waya alifunga kompyuta, akanong'ona, "Afande, hakuna jinai hapa. Twende?"

Inspekta alikuwa amefumba macho. Nyuma ya sauti ile mbaya, ndani ya filamu, mwanamke alisikika kutoka chumba kingine akimwambia mumewe aache kelele, na mume akazidisha.

"Ngoja," alisema. "Hajamaliza kuimba."