Abiria wa Jaraf

"Picha yangu imeibwa!" alifoka Mama Soukeyna, akiinyooshea kidole picha iliyochorwa kwenye kioo, ikining'inia ukutani. "Hii wamenibandikia tu."

Inspekta Yacine Gaye alisogea. Mlango haukuvunjwa, alama za vidole zimefutwa. Kwenye kioo farasi mwekundu alivuta mkokoteni wenye abiria mmoja, mwanamke wa kilemba. Yacine alimkumbuka farasi mwenyewe. Nani mjini Rufisque asiyemkumbuka Jaraf? Ndiye aliyewapeleka shule barabara zikijaa maji, marehemu Mbagnick, mume wa mama huyu, akiimba mbele. Siku hizi ni pikipiki tupu na moshi wake.

"Umejuaje, mama?"

"Jaraf alikuwa na doa jeupe mguu wa kushoto. Huyu analo kulia. Mume wangu angemkana!"

Yacine alitabasamu. Picha za kioo huchorwa upande wa nyuma wa kioo, kisha hutazamwa kwa mbele. Anayenakili asipougeuza mchoro kwanza, kushoto huwa kulia. Na mchoraji wa vioo aliyebaki mjini ni mmoja.

Yeye na mama walimkuta mzee Gora Thiaw karakanani kwake, akimimina chai.

"Mzee, juzi ulikwenda kwa Mama Soukeyna?"

"Kumjulia hali."

"Na kioo kwapani?"

Gora alijaza kikombe kingine.

"Fundi mzima, ulisahauje kugeuza mchoro?"

Gora aliweka birika chini. "Macho yangu hayakuwa kwa farasi."

Akafunua kitambaa. Jaraf yule yule, doa mguu wa kushoto, na mkokotenini mwanamke mwenye mwanya, anajizuia kucheka.

"Penda, mke wangu. Nilimchora akiwa hai, nikampa Mbagnick zawadi. Hakuwahi kupigwa picha. Sasa sura yake inanitoka, Inspekta. Nikimchora upya, anatokea mwanamke mwingine. Nilitaka kuinunua, mama akanifukuza. Kueleza sababu nikaona haya, ndipo nikaibadilisha kwa siri."

"Penda?" Mama Soukeyna alishika kizingiti. "Yule aliyekufa kabla sijaolewa huku?"

"Ndiye."

"Nami nikadhani hawara! Kila nikimwuliza Mbagnick huyu nani, anacheka: 'Abiria tu, mke wangu.' Nikamnunia mpaka anaingia kaburini."

Yacine alikohoa. "Mali ni yako, mama. Nimkamate?"

"Umkamate wa nini? Gora, kaa na mkeo."

Mama alikaa chini pale pale mlangoni, akajifunika uso kwa upande wa kilemba.

"Mbagnick wangu," alisema, "mimi nimwombe nani msamaha?"