Mlango wa Senahid

Asubuhi ile Senahid alipiga mluzi.

Fahreta alikuwa jikoni akitandaza unga wa pita, mkate wao wa nyama, mikono yake ikaganda. Wakati wa vita vya Bosnia chuma cha kombora kilimpasua mumewe mdomo na kuondoka na meno ya mbele. Tangu hapo hata kupuliza kahawa kulimshinda. Sasa mluzi ulikuwa unatoka bafuni, laini, mrefu, kama wa bwana harusi anayenyoa ndevu.

"Baba Merima?" aliita.

"Naam, mke wangu." Akatoka akicheka. "Mbona umenikodolea macho? Hutaki kuniona nikiwa na raha?"

Kwa kweli alikuwa ameitaka raha hiyo miaka thelathini. Mumewe alikuwa hapati usingizi. Alikaa kitini akiutazama mlango, na akisinzia kidogo huruka akipiga ukuta mpaka vidole vinavuja damu. Ndipo jirani mmoja akawaambia habari za Daktari Vildana, kule Sarajevo, aliyekuwa akiwatibu askari wa zamani kwa dawa ya uyoga unaofungua akili. Siku ya tiba walimlaza kochini mchana kweupe, wakamfunga kitambaa machoni, muziki ukalia polepole. Fahreta alimshika kifundo cha mguu. Senahid alilia mpaka shingo ya shati ikalowa, akataja neno moja tu, "Kinu," kisha akatulia kama maji ya mtungini.

"Ameuachia," daktari alisema, naye machozi yakimlenga. "Kuna mlango alikuwa ameubana miaka yote hii. Leo ameuachia."

Kijijini, chini ya mlima Vlašić, Senahid akawa analala fofofo. Lakini kwapa zake zilinuka unga uliovunda na jiwe bichi, na hata akioga harufu haikutoka. Siku moja baada ya chakula cha mchana Fahreta alimlalia kifuani kama zamani walipokuwa wachumba, na badala ya moyo akasikia jiwe likizunguka juu ya jiwe, taratibu, kwa uzito, likisaga.

Hakumwambia mtu. Angesemaje? Watu wangesema mwanamke huyu hana shukrani.

Alhamisi ile kondoo dume wa jirani aliingia bustanini. Senahid alimfuata bila kisu, akamkamata taya la juu kwa mkono huu na la chini kwa mkono ule, akamchana mpaka kifuani, akarudi mezani kumalizia kahawa na mikono yake myekundu.

"Nawa basi," Fahreta alinong'ona.

"Ya nini? Bado kazi."

Kabla hajapata pa kukimbilia, binti yao Merima akaingia, mimba yake kubwa imemtangulia, akambusu baba yake mashavuni. Senahid akaweka kiganja juu ya tumbo lile, akafumba macho, akatabasamu.

"Huyu atanitosha," alisema.

"Baba, unaniumiza! Baba!"

Vidole vilikuwa vimezama. Fahreta alinyakua birika la shaba lililokuwa likitokota akammwagia usoni, ngozi ikavimba na kuchunika, naye hakupepesa hata jicho. Akampiga kwa birika lenyewe, akampiga tena, pua ikavunjika kwa mlio wa kuni kavu, na bado mkono ule haukubanduka tumboni mwa mwanawe mpaka Fahreta alipoung'ata kifundoni, akang'ata na kung'ata, meno yakagonga mfupa, na kilichomjaa kinywani hakikuwa damu ila unga, unga baridi wenye ukungu.

"Kimbia, mwanangu!"

Merima akakimbia. Senahid akakaa chini, akaongea kwa sauti nyembamba isiyokuwa yake.

"Mumeo alikuwa na mateka, mikono imefungwa. Alimponda kichwa juu ya jiwe la kusagia la kinu cha mtoni. Hukuambiwa? Chini ya jiwe lile mimi, jini wa kinu, nilikuwa nimemlaza mwanangu. Akafa pamoja na mateka yule. Nimebisha hodi kwa mumeo miaka yote, naye halali, ameubana mlango. Nyinyi ndio mliomlaza. Ahsanteni."

Wanaume wa kijiji walimfunga kitandani kwa kamba za ng'ombe. Shehe Zulfo alikuja, na Daktari Vildana akaendesha gari kutoka Sarajevo, uso umempauka. Fahreta akawaeleza aliyoyasikia.

"Shehe, nilidhani nimemponya."

"Umemponya, binti yangu. Umefagia nyumba ikang'aa. Hukuuliza tu nani anasubiri nje."

Shehe akasoma Ayatul Kursi sikioni mwa Senahid. Kitanda kikaruka, kamba zikakata nyama, meno yaliyobaki yakasagana mpaka yakavunjika.

"Nitatokea jichoni, nimwache kipofu!" ilipiga kelele ile sauti.

"Utatokea kidoleni, mlaaniwa!" Shehe akafoka. "Kidole cha mguu!"

Daktari akamshika Senahid kichwa kwa mikono miwili, akamnong'oneza kama siku ile ya tiba. "Senahid, najua umo humo. Rudi pale kinuni. Usiogope, niko nawe. Alikuwa nani?"

Jiwe likasaga kifuani mwake, kisha likasimama.

"Ostoja," Senahid alisema, sasa kwa sauti yake. "Mwana wa Cvijeta, ng'ambo ya mto. Aliniomba maji. Mungu wangu, Fahreta, aliomba maji tu, nami nikampiga na kumpiga."

Kidole gumba cha mguu wake kikapasuka kama njugu motoni, mfupa ukachomoza, upepo ukapita chumbani ukavunja dirisha na kwenda zake upande wa mto.

Alipoweza kusimama kwa gongo, Senahid alisema hawezi kuishi bila kwenda kwa yule mama. Fahreta hakumzuia. Walivuka daraja wakiwa wameshikana mikono, mumewe akiyarudia midomoni maneno ya kuomba radhi na ya kueleza mifupa iko wapi.

Cvijeta aliwafungulia mwenyewe. Alikuwa bibi kizee, ila mashavu yamemwiva, amevaa kitambaa kipya, na nyuma yake meza imeandaliwa sahani mbili.

"Mama," Senahid alianza, "nimekuja kwa habari za mwanao."

"Habari zipi tena?" Bibi alicheka kama msichana. "Mwanangu amerudi. Tangu Alhamisi."

Alhamisi ndiyo siku dirisha lao lilipovunjika.

"Ni nani, mama?" iliuliza sauti ya kijana kutoka ndani, ya upole kabisa.

Fahreta akaona kivuli kikiinuka kitini. Akamshika bibi mkono. "Mama, tusikilize. Twende nje kidogo."

Bibi akajitoa. Macho yake yalikuwa yakiwasihi, na Fahreta akafahamu kwamba anajua yule si mwanawe, amejua tangu siku ya kwanza.

"Msinitajie kitu," alinong'ona Cvijeta. "Nawaomba." Akafunga mlango, wakasikia akiusukumia komeo.